Kituo Mbele, Simama

Saa kumi na mbili na dakika hamsini na mbili asubuhi, si hamsini na moja wala hamsini na tatu, treni ya behewa moja iliondoka kituo cha Nukumi kuelekea bondeni. Kozue Igarashi, msichana wa darasa la saba, alikuwa ameketi kiti cha kwanza upande wa kushoto, nyuma ya kioo cha chumba cha dereva. Dereva alikuwa baba yake.

"Taa ya kuondoka, kijani!" Baba alitamka kwa sauti, huku kidole chake chenye glavu nyeupe kikielekea kwenye taa.

Hakuwa akizungumza na mtu. Ndivyo madereva wote wa treni nchini wanavyofundishwa: kila taa, kila kibao, kila kituo, dereva anakinyooshea kidole na kukitaja kwa sauti hata kama yuko peke yake. Kozue alipokuwa mdogo aliwahi kumuuliza sababu.

"Jicho likizoea njia, linaacha kutazama," Baba alimjibu. "Ukinyoosha kidole, jicho linalazimika kukifuata. Ukitaja, masikio yako nayo yanajua. Ni vigumu kukosea vyote vitatu kwa pamoja."

Kutoka Nukumi hadi Hinata, kituo cha shule, palikuwa na mambo ishirini na matatu ya kutaja. Kozue aliyajua yote kwa mpangilio, kama wenzake walivyojua majina ya wachezaji wa besiboli. La mwisho lilikuwa baada ya daraja, karibu na ghala la mchele: "Kituo mbele, Hinata, simama!"

Watu wa Nukumi walimjua Tsuneo Igarashi kwa jambo jingine pia. Alikuwa akisinzia. Alisinzia kwenye mkutano wa mtaa, alisinzia kwa kinyozi, alisinzia mezani akiwa ameshika vijiti vya kulia. Hakuna aliyemlaumu. Katika mji ule mtu mzima akisinzia mbele za watu huhesabiwa kuwa amechoka kwa kazi, na kuchoka kwa kazi ni heshima. Mwenyekiti wa mtaa kila alipomwona kichwa kimeinama, alipunguza sauti ili asimwamshe. Nyumbani Bibi Fumi, mama yake Baba, aliweka blanketi dogo la buluu kando ya meza, tayari kumfunika.

"Jana nilimwona baba yako kwa kinyozi," Shunpei alimwambia Kozue siku moja waliposhuka Hinata. Shunpei alikuwa mwanafunzi mwenzake, na mdomo wake haukuwa na likizo. "Kichwa nyuma, mdomo wazi. Kinyozi anamzunguka polepole kama anamnyoa maiti."

"Wewe mdomo wako uko wazi hata ukiwa macho."

"Simtukani, bwana! Baba yangu anasema yule ndiye mfanyakazi hasa."

Kozue naye aliamini hivyo. Kitu kimoja tu kilimsumbua: usingizi wa Baba wa usiku. Mama yake alikuwa mkoani Akita tangu mwezi wa tisa, akimuuguza babu. Bibi Fumi masikio yake yalikuwa mazito. Kwa hiyo katika nyumba ile ni Kozue peke yake aliyemsikia Baba akilala, kwa sababu kati ya vyumba vyao palikuwa na mlango wa karatasi tu.

Mwanzoni mwa mwezi wa kumi na moja, bahasha nene ililetwa kwa posta. Mwaka huo kampuni ya reli ilikuwa imeamua kuwapima usingizi madereva wake wote waliopita miaka arobaini. Ndani ya bahasha mlikuwa na kifaa kama saa kubwa ya mkononi, kofia ndogo ya plastiki ya kuvikwa kidoleni, na kibandiko cha kubandika kifuani. Kofia hupima kiasi cha hewa kwenye damu. Kibandiko huandika kila pigo la moyo, na jinsi kifua kinavyopanda na kushuka. Maagizo yalikuwa mafupi: vaa usiku mbili, jaza fomu, rudisha.

Baba alikisoma kile kikaratasi mara mbili, akakirudisha ndani.

"Makabe alivaa hiki kifaa mwezi wa nne," alisema. Makabe alikuwa dereva mwenzake. "Sasa anakata tiketi. Miezi saba hajagusa breki."

"Makabe alikuwa na nini?" Bibi Fumi aliuliza kwa sauti kubwa, kama walivyo wenye masikio mazito.

"Walisema anakatika pumzi usingizini."

"Pumzi ikikatika si mtu amekufa? Mbona Makabe mzima, kanenepa?" Bibi akacheka, akamwongezea mwanawe supu ya miso. "Wewe una nini? Unalala kwa muda wa saa nane kila usiku. Kama unaogopa, mvalishe Kozue. Huyu anapumua kama samaki. Karatasi yao itatoka safi kama theluji."

Kozue alicheka. Baba hakucheka. Hakusema ndiyo, hakusema hapana.

Usiku Kozue alipokwenda kutandika godoro lake, alikuta bahasha imewekwa kando ya mto. Fomu ilikuwa imeshajazwa: Tsuneo Igarashi, mwanamume, miaka arobaini na tisa. Nyuma ya mlango wa karatasi taa ya Baba ilikuwa imezimwa.

Kozue aliketi juu ya godoro kwa muda. Alifikiria kiti cha kwanza upande wa kushoto. Alimfikiria Baba nyuma ya dirisha la tiketi, mikono mitupu bila glavu. Kisha akabandika kibandiko kifuani, akavaa kofia kidoleni, akabonyeza kitufe.

Alipokuwa amelala chali akingoja usingizi, alimsikia Baba. Mkoromo ulipanda kama msumeno unaokata gogo bichi, ukazidi kupanda, ukakatika. Kimya. Kozue alianza kuhesabu, kama alivyozoea. Kumi. Ishirini. Thelathini. Alipofika thelathini na nne Baba alishtuka na kuvuta hewa kwa nguvu, kama mtu aliyetoka chini ya maji, na msumeno ukaanza upya. Baada ya dakika moja ukakatika tena. Kifaa kilichotumwa kuhesabu kimya kile kilikuwa kimefungwa kwenye mkono usio wake.

Usiku wa pili alikivaa tena. Asubuhi yake Baba alikiweka ndani ya bahasha, akaipeleka posta mwenyewe. Wote wawili hawakulitaja jambo lile.

Wiki iliyofuata Mwalimu Sakaki, mwalimu wa sayansi, aliwaambia wanafunzi wabonyeze vidole vyao kwenye kifundo cha mkono, chini ya kidole gumba, na wahesabu mapigo ya moyo.

"Mwalimu, mimi sina mapigo," Shunpei alisema. "Nimekufa?"

"Umeshika mfupa, Shunpei. Sogeza kidole."

Darasa lilicheka. Kozue hakuwa amesikia. Alikuwa amekunja uso.

"Mwalimu, moyo wangu haupigi sawasawa."

"Vipi?"

"Nikivuta pumzi unaharakisha. Nikitoa, unapunguza kasi."

"Vizuri sana. Wengi hawagundui." Mwalimu Sakaki alichora ubaoni mstari wenye ncha zilizobanana, kisha zikaachana, kisha zikabanana tena. "Moyo mzima haupigi kama saa ya ukutani. Muda kati ya pigo na pigo unabadilika kidogo kidogo, na pumzi ni sababu mojawapo. Tofauti hiyo ikiwepo, ni dalili ya afya. Kwa watoto huwa kubwa. Mtu anavyozidi umri, inapungua."

"Kwa hiyo daktari anaweza kujua umri wa mtu kwa kuangalia moyo wake?"

"Umri kamili, hapana. Lakini daktari makini ataona haraka kama karatasi ni ya mtoto au ni ya mtu wa miaka hamsini."

Kozue alikitoa kidole chake mkononi kana kwamba kimeungua.

Jumanne iliyofuata ilikuwa siku ya mvua nyembamba. Ndani ya behewa wazee watano walikuwa wamesimama wakishika kamba, kwa kuwa ilikuwa siku ya kliniki mjini na viti vyote vilikuwa vimejaa wanafunzi. Kozue alikuwa mahali pake. Baba alikuwa akitaja kama kawaida. Ishirini. Ishirini na moja. Daraja: ishirini na mbili. Treni ikapita juu ya mto, ikaingia kwenye mteremko, na ghala la mchele likatokea kulia.

Baba hakusema kitu.

Kozue alitazama kupitia kioo. Mkono wa glavu ulikuwa juu ya mshikio wa breki, lakini vidole vilikuwa vimelegea. Kichwa kilikuwa kimeinama mbele kidogo sana, kiasi ambacho mtu mwingine asingekiona. Nguzo ya simu ikapita. Ya pili. Ya tatu. Kimya kile alikijua. Alikuwa akikihesabu kila usiku.

Nguzo ya nne ilipopita, aligonga kioo kwa ngumi zote mbili na kupiga kelele: "Kituo mbele, Hinata, simama!"

Kichwa cha Baba kiliinuka. Breki ikaingia kwa nguvu. Mzee mmoja aliangukia mapajani mwa Shunpei, mwavuli ukabiringika hadi mlangoni, na treni ikalia chuma kwa chuma, ikapita alama yake kwa mita nane kabla ya kusimama. Mbele yake, hatua chache, taa ya kuondoka ilikuwa nyekundu. Kutoka upande wa pili treni ya kupanda mlima ilikuwa ikiingia kituoni kwa utulivu, maana njia yote ni ya reli moja, na pale Hinata ndipo treni mbili hupishana.

Treni ina kifaa cha kuisimamisha ghafla ikiivuka taa nyekundu. Lakini kifaa hicho hakijui kwamba ndani wamesimama wazee.

"Mzee, umeumia?" Shunpei aliuliza, na safari hii hakuwa na mzaha.

"Mimi sijambo. Wewe goti lako ni gumu kama jiwe."

Hakuna aliyeumia. Dereva akipita alama lazima aandike taarifa siku hiyohiyo, na Baba aliandika. Kwenye nafasi ya sababu alijaza: majani yaliyolowa juu ya reli, magurudumu yakateleza.

Jioni Bibi Fumi alikuwa nje, akifunga figili kwenye kamba ili azianike chini ya upenu. Baba aliketi penye meza fupi, miguu yake chini ya blanketi lililoifunika meza, penye kipasha joto. Kozue alikaa upande wa pili.

"Baba, pale hapakuwa na majani."

"Msimu huu majani yapo kila mahali."

"Pale hakuna miti. Ni ghala na mashamba ya mpunga tu." Alisubiri. "Hukutaja."

Baba alizitazama glavu zake, ambazo Bibi alikuwa amezifua na kuzitandaza mezani zikauke. "Nilifumba macho kidogo."

"Nguzo nne, Baba. Nilihesabu. Na usiku nahesabu pia. Unakaa bila kupumua mpaka nafikiri nije nikuamshe."

Baba aliikunjua glavu moja. Aliposema, hakumtazama.

"Nilianza kuendesha njia hii kabla wewe hujazaliwa. Miaka ishirini na mbili. Nikivuliwa glavu hizi, Kozue, nitabaki nani?"

Kozue naye alizitazama zile glavu. Alikuwa na miaka kumi na mitatu. Alichojua ni kwamba kesho saa kumi na mbili na dakika hamsini na mbili treni ingeondoka tena, na wazee wangesimama tena.

Siku ya tatu barua ilikuja kutoka zahanati inayowapima wafanyakazi wa kampuni. Daktari Onozuka alimtaka Bwana Igarashi afike Ijumaa alasiri pamoja na mtu anayemsikia akilala. Bibi asingeweza. Kozue akaenda, akiwa na sare ya shule.

Daktari Onozuka alikuwa mwanamke wa miaka sitini hivi, nywele fupi, maneno machache. Alitandaza karatasi ndefu mezani.

"Kwa mujibu wa karatasi hii," alisema, "pumzi haikukatika. Hewa kwenye damu, asilimia tisini na nane usiku kucha. Hakuna ugonjwa wowote."

Mabega ya Baba yalishuka.

Daktari akafungua droo, akatoa muhuri wake na kisahani cha wino mwekundu. Akavipanga kando ya fomu yenye maandishi: *Anafaa kuendesha.* Hakuugusa muhuri tena. Aliwatazama, akamsogezea Kozue ile karatasi.

"Binti, wewe ndiye unayemsikia. Kabla sijatia muhuri, niambie. Unaona nini hapa?"

Kozue aliinama. Mstari mwembamba wenye ncha ulikwenda kutoka ukingo hadi ukingo. Ncha zilibanana, zikaachana, zikabanana tena, kwa utaratibu, kama zile alizochora Mwalimu Sakaki ubaoni. Alihisi macho ya Baba upande wa kulia wa uso wake. Angeweza kusema haoni kitu. Asingekuwa wa kwanza. Nyumba nzima ilikuwa imeona bila kutaja.

Alisimama wima. Alinyoosha mkono wa kulia, kidole mbele, mpaka kikakaribia kugusa karatasi.

"Moyo wa Kozue Igarashi!" alitaja. Sauti ilikuwa kubwa mno kwa chumba kile. "Si wa Baba." Kisha, kwa kuwa jambo lilikuwa bado halijaisha: "Jumanne, Hinata, hakutaja. Hapakuwa na majani."

Nje, mtu kwenye benchi la wagonjwa aliacha kukohoa.

Baba alisimama taratibu. Kozue alifikiri anataka kutoka. Alivua kofia yake, akainama mbele ya daktari mpaka mgongo ukalala kama meza, na akabaki hivyo.

"Ni kweli," alisema akiwa ameinama. "Niliweka bahasha kando ya mto wake. Sikuwa na ujasiri hata wa kumwambia kwa mdomo. Mtoto hana kosa."

"Keti, Bwana Igarashi. Siwezi kuongea na mgongo."

Baba akaketi. Daktari aliurudisha muhuri ndani ya droo.

"Nilitia shaka tangu nilipoiona," alisema. "Moyo huu unafuata pumzi kama kivuli. Sijawahi kuuona namna hii kwa mwanamume wa miaka arobaini na tisa, na nimesoma karatasi nyingi. Lakini shaka yangu si ushahidi. Ningekupa kifaa tena, na wewe ungempa tena mtoto. Sasa leo utakivaa wewe, na yeye atahakikisha. Na mpaka matokeo yatoke, usiguse breki."

Matokeo ya kweli yalipatikana baada ya siku nne. Safari hii daktari aliweka karatasi mbili pamoja, ya mtoto juu na ya baba chini. Ya chini haikuhitaji mwalimu. Moyo ulipunguza kasi, ukapunguza, halafu ghafla ukapiga mbio, kisha ukapunguza tena, dakika baada ya dakika, mpaka alfajiri.

"Hapa unapopunguza, pumzi imesimama," alisema Daktari Onozuka. "Koo limejifunga kwa sababu misuli yake imelegea usingizini. Hewa inashuka hadi asilimia sabini na sita. Ubongo unashtuka, unakuamsha kidogo ili uvute hewa, na moyo unakimbia. Asubuhi hukumbuki. Hili limetokea mara arobaini na moja kwa kila saa. Kimya kirefu kuliko vyote kilikuwa sekunde sitini na mbili."

"Lakini nalala kwa muda wa saa nane," Baba alisema kwa sauti ndogo.

"Unalala kitandani kwa muda wa saa nane. Moyo wako usiku kucha unapanda mlima. Ndiyo maana mchana unaanguka popote. Watu wanasema umechoka kwa bidii. Huo si uchovu wa bidii, ni ugonjwa. Ukiuacha utakupeleka kwenye shinikizo la damu, na siku moja kwenye taa nyekundu."

"Na Makabe?"

Daktari alifikiri kidogo. "Sizungumzi habari za wagonjwa wengine. Nitakwambia tu kwamba ugonjwa huu una tiba, na anayeikubali tiba huwa anarudi kazini. Mashine ya kusaidia pumzi ikikaa kabatini haimtibu mtu."

Siku hiyohiyo, bila kutumwa, Baba alikwenda kwa mkuu wa kituo. Alieleza habari ya kifaa na ile ya majani, akaandika taarifa upya kwa mkono wake. Alipewa onyo la maandishi. Aliondolewa kwenye kuendesha mpaka daktari aseme vinginevyo, na kwa muda huo akapewa fagio la kituo cha Hinata.

Kwa hiyo kila asubuhi wanafunzi waliposhuka, walimkuta Tsuneo Igarashi akifagia majani yaliyopeperushwa na upepo hadi kwenye jukwaa. Habari zilikuwa zimeenea. Shunpei hakuweza kujizuia.

"Mzee, haya ndiyo yaliyoisukuma treni siku ile?"

Kozue alimkanyaga mguu. Baba aliliokota jani moja, akalitazama pande zote mbili.

"Hapana," alisema. "Haya hayakuwa na kosa."

 Shunpei aliweka mkoba chini, akachukua ubao wa kuzolea taka, akamshikia mpaka kengele ya shule ilipolia.

Mashine ilifika mwishoni mwa mwezi: kisanduku kidogo kinachosukuma hewa, bomba, na barakoa ya kuziba pua. Hewa ile hulizuia koo lisijifunge. Usiku wa kwanza Baba aliivua baada ya saa moja. Wa pili aliamka barakoa iko miguuni. Wa tatu alisema afadhali afagie majani mpaka kustaafu. Kozue hakubishana. Alichukua daftari, akachora mistari, na kila asubuhi akaandika saa ambazo barakoa ilikaa usoni. Moja. Mbili na nusu. Mbili. Nne. Baba, ambaye hakuwahi kuchelewesha treni kwa dakika moja, alikuwa akiitazama ile safu ya tarakimu wakati wa chai, na uso wake ulionyesha kwamba haimpendezi. Katikati ya mwezi wa kumi na mbili iliandikwa saba.

Theluji ilipoanza, Baba alihudhuria mkutano wa mtaa kuanzia mwanzo hadi mwisho na kuuliza maswali mawili. Mwenyekiti, ambaye kwa mazoea alikuwa ameshapunguza sauti, alichanganyikiwa.

"Siku hizi hasinzii hata kidogo," Bibi Fumi alimlalamikia jirani. "Sina mtu wa kumfunika." Akalikunja blanketi la buluu, akampa paka.

Mwezi wa kwanza Daktari Onozuka alipima tena. Pumzi ilikatika mara tatu tu kwa saa. Daktari akatoa muhuri, na mara hii akautia. Baba alirudia mafunzo ya wiki tatu akiwa na mkaguzi kando yake, kama kijana anayeanza kazi. Asubuhi ya tarehe sita, mwezi wa pili, alipewa treni ya saa kumi na mbili na dakika hamsini na mbili.

Kozue alihesabu yote ishirini na matatu. Baada ya daraja, ghala la mchele likiwa limefunikwa na theluji, glavu nyeupe iliinuka mapema. "Kituo mbele, Hinata, simama!" Gurudumu la mbele lilisimama kwenye alama, si nyuma yake wala mbele.

Pale Hinata treni ya kushuka hungoja dakika nne ili ya kupanda ipite. Wanafunzi walishuka. Baba alifungua kidirisha cha chumba cha dereva, akamwita Kozue.

"Sogea nikwambie. Miaka yote hii nimetaja kila taa ya njia hii, hata zile ambazo hakuna mtu angeniona nikiziruka. Mwili wangu uliniwashia taa, nikaiona, nikanyamaza. Halafu nikakufanya na wewe unyamaze. Hilo la pili ndilo baya zaidi."

"Ulikuwa unaogopa, Baba."

"Nilikuwa naogopa. Kuogopa si kosa, na kuugua si aibu. Kosa ni kuficha, kwa sababu mimi nilificha na wengine ndio wangeumia. Kwa hiyo sikiliza. Ukiona hatari, inyooshee kidole, itaje. Hata kama ni yangu. Na mtu mzima akikutaka unyamaze, hapo ndipo uitaje kwa sauti kubwa zaidi, kama ulivyofanya kwa daktari. Hii treni inakwenda leo kwa sababu ulitaja."

Treni ya kupanda ilikuwa imeshaingia. Shunpei, mbele kidogo kwenye jukwaa, alikuwa akimpigia Kozue kelele kwamba watachelewa. Baba alivuta glavu yake ikakaza vidoleni, akageukia mbele.

"Taa ya kuondoka, kijani!"

Ilikuwa kijani. Kozue naye alikuwa ameitazama.